Jasho la Baba Kwenye Theluji

Enzi zetu, na ninyi mliokulia pamoja nami kwenye yale majengo marefu ya Etobicoke, huku Kanada, mtanisaidia kukumbuka, mtoto hakuwa akitoka nje wakati wa baridi mpaka afungwe kama robota la mitumba. Fulana mbili, sweta la kufumwa, sweta la dukani, khanga ya kukaza kifua, koti juu yake, halafu mafuta ya mgando usoni mpaka unang'aa. Ukifika mlangoni kiwiko hakikunjiki. Nakumbuka mwenzetu mmoja alianguka kwenye uwanja wa shule akashindwa kuinuka mwenyewe, akabaki chali anatazama mbingu mpaka kengele ikagongwa. Hakuumia hata kidogo. Nguo tu zilimzidi.

Siku hizi mwanangu anakwenda shule kwenye theluji na viatu vya raba, vifundo vya miguu viko wazi vinaona dunia. Nikimwambia avae soksi ndefu, ananijibu kwa Kiingereza kwamba hasikii baridi. Sijui baridi imepungua au ni ukaidi ulioongezeka. Nikimkumbusha kwamba mimi kwa umri wake nilikuwa nikikimbia kwenye theluji hiyo hiyo kila siku ya Mungu, ananitazama vile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayeongeza chumvi.

Lakini ni kweli nilikimbia, na mpaka leo nakimbia, kwa kupenda. Namna nilivyofika hapo ndiyo inayonivuruga kichwa. Mimi mtoto wa Tanga, niliyezaliwa kwenye jua la kukausha dagaa kabla ya adhuhuri, nilijifunzaje kupenda kitu kinachouma masikio? Kila nikianza kulieleza jambo hili naishia njiani. Leo nitajaribu kulifikisha mwisho.

Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa kalamu na shati lililopigwa pasi. Huku alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye bohari, zamu ya jioni. Hakulalamika, ila alinyamaza sana. Tulikuwa na miaka mitatu hapa, mimi nina miaka kumi na miwili na mdogo wangu Hamadi bado ananyonya, baba alipoanza kunywa maji kama mtu aliyemeza kaa la moto. Mama akamlazimisha aende hospitali, na mimi nikaenda kuwa mkalimani, maana watoto wa enzi zetu tulikuwa wakalimani kabla hatujajua kufunga kamba za viatu vizuri.

Daktari akasema ni sukari. Akasema baba aache soda na wali wa usiku, na kila siku atembee kwa kasi au akimbie nusu saa, mpaka atoke jasho. Halafu akachukua kalamu, akagusa mguu wa baba chini ya goti, akasema asipofanya hivyo, baada ya miaka michache ataanza kupoteza kuanzia hapo kushuka chini. Nilitafsiri yote neno kwa neno. Baba akautazama ule mguu. Tulipotoka, kwenye kituo cha basi, akaniambia, "Zuhura, ya mguu usimwambie mama yako." Nikaitikia. Sikujua kwa nini yafichwe, lakini siku zile mtoto hakuuliza kwa nini, aliitikia.

Kwa hiyo mama alipata nusu ya habari, na katika nusu ile alilisikia jasho tu. Kwetu ugonjwa unatoka kwa jasho, kila mtu anajua. Ukipata homa unafunikwa blanketi, unawekewa chungu cha majani yaliyochemshwa katikati ya miguu, unajifukiza mpaka unatiririka, kesho unaamka mzima. Basi mama akaona daktari huyu, Mzungu mzima, amesema neno la akili kwa mara ya kwanza. Sukari itoke kwa jasho. Na jasho linatafutwa kwa nguo.

Mwanzoni baba alitembea kwenye ukumbi wa ghorofa yetu ya kumi na moja, kutoka lifti mpaka mlango wa ngazi, kutoka mlango wa ngazi mpaka lifti, mikono mgongoni, kama anakagua mabehewa. Jirani mmoja akalalamika kwa msimamizi wa jengo kwamba kuna mtu anampitia mlangoni mara thelathini kila mchana. Baba akaona aibu. Akasema atakimbia nje, na Desemba ndiyo kwanza imeingia.

Mama hakupenda. Alikuwa na msemo wake, nao nimeurithi bila kutaka: mtu hakimbii miibani ovyo, ama anafukuza nyoka ama nyoka anamfukuza. Mtu mzima anayekimbia barabarani, kwa macho yake, alikuwa mtu aliyepatwa. Akaamua niende naye. Baba akionekana anakimbia peke yake, watadhani mwizi. Akionekana na mtoto, watadhani anamfundisha. Hivyo ndivyo nilivyoanza mbio. Nilikuwa kisingizio.

Kila siku nikitoka shule, kabla baba hajaenda zamu, mama alitusimamisha mlangoni na kutuvisha. Baba alivaa zaidi yangu kwa kuwa jasho lake ndilo lililokuwa linatafutwa. Khanga zilikuwa tatu: moja ya kifua, moja ya mgongo, moja shingoni. Tulishuka kwa lifti tukihema hata kabla ya kuanza. Tukazunguka maegesho ya magari, tukateremka bondeni kwenye njia inayofuata kijito, na kabla ya dakika kumi tumelowa. Baba akifurahi, anasema haya limetoka, turudi. Nyumbani mama aliingiza mkono mgongoni mwa baba, akaisikia fulana inavyochuruzika, akasema alhamdulillahi.

Balaa lilikuja baada ya hapo. Lile jasho lilipopoa baba alianza kutetemeka, anatetemeka mpaka muda wa kazi, anapanda basi anatetemeka. Akashikwa na kikohozi. Mama akasema si unaona, nguo hazijatosha, akaongeza khanga ya nne. Kadiri tulivyovaa ndivyo tulivyosikia baridi, na kadiri tulivyosikia baridi ndivyo tulivyovaa. Nami mtoto wa darasa la sita nikawa nimelala najiuliza, hivi nguo inaletaje baridi? Na kile kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, alichopewa hospitali, hakikushuka. Kila asubuhi baba alikisoma, akakifunika haraka, halafu akautazama mguu wake. Mama alidhani anatazama soksi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anatazama nini, na lilinikaa kifuani kuliko khanga zote.

Sasa kuna jambo la adabu. Kwetu humpiti mtu mzima ukikimbia. Utapunguza mwendo, utamsalimia, utamuuliza habari za nyumbani, ndipo uendelee. Baba aliichukua adabu hiyo nzima nzima akaipeleka bondeni. Kila tulipokutana na mzee kwenye ile njia ya kijito alinisimamisha, "Zuhura, salimia." Wazee wengi wa Kizungu wakiona mwanamume mnene wa nguo na kitoto kinene cha nguo wamewasimamia mbele, waliongeza mwendo. Wengine walivuka upande wa pili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mmoja tu ndiye aliyesimama, bibi wa kofia nyekundu aliyekuwa akikimbia kila siku saa ile, mwembamba, kavaa jaketi jepesi ambalo mama yangu asingemvisha hata mwanasesere. Alitusikiliza salamu mpaka mwisho. Halafu bila hata kuomba ruhusa akanyoosha kidole, akavuta ncha ya khanga iliyochungulia shingoni mwa baba, ikatoka, ikaendelea kutoka, yeye anarudi nyuma anavuta. Akauliza ziko ngapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akajishika magoti, kisha akasema nami nikatafsiri: "Ukitoka mlangoni husikii baridi, umeshakosea. Toka unatetemeka. Dakika kumi tu, halafu utakuwa sawa."

Baba alimshukuru kwa heshima zote. Tulipoachana naye tukatembea, khanga kaikunja mkononi. Kisha akaniuliza, "Yule bibi ana wazimu, au wenye wazimu ni sisi?" Sikuwahi kusikia baba akiniuliza kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Niliogopa kidogo. Nikamwambia sijui.

Kesho yake mama alituvisha kama kawaida. Lifti ilipofika chini, badala ya kutoka mlango mkubwa, baba akanishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha mashine za kufulia. Akaanza kuvua. Khanga moja, ya pili, mpaka ya nne, sweta la kufumwa, sweta la dukani. Akanionyesha kwa kidevu nami nifanye vile vile. Tukatia vyote kwenye mfuko, tukauficha nyuma ya mashine ya kukaushia, tukatoka.

Jamani, baridi ile. Iliingia mikononi, ikapanda, ikanishika meno. Machozi yalitoka yenyewe na vinywele vya puani viliganda, nikawa nikivuta pumzi nasikia vinashikana. Nilimchukia bibi wa kofia nyekundu, nikamchukia daktari, nikaichukia Kanada na ndege iliyotuleta. Tulikimbia hivyo hivyo. Theluji mpya ilikuwa ikilia chini ya viatu kama muhogo mbichi unaotafunwa. Halafu, sijui ni wapi hasa, labda kwenye lile daraja dogo la mbao, nikagundua sitetemeki tena. Joto lilikuwa limewaka ndani, tumboni, linakuja lenyewe bila kuvalishwa na mtu. Uso unauma na kifua kina moto. Nilishindwa kujua nasikia baridi au nasikia joto, nateseka au nafurahi, nikaanza kucheka. Nikamtazama baba naye anacheka, mvuke unamtoka kichwani. Tangu tufike nchi hii sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti. Tulikimbia nusu saa nzima bila kusimama, isipokuwa kwa salamu.

Tatizo likawa fulana. Ilikuwa na unyevu kidogo tu, na mama angeikagua. Basi karani wa reli, mtu aliyekuwa hawezi kugonga muhuri kwenye karatasi yenye kosa moja, akafungua bomba la chumba cha kufulia, akachota maji kwa kiganja akajipaka mgongoni. Kisha akavaa masweta yake na khanga zake, tukapanda juu. Mama akaingiza mkono, akasema alhamdulillahi. Tulifanya hivyo mwezi na zaidi. Kikohozi kikaisha, kipimo kikaanza kushuka, na mama akaenda akiwaambia watu kwenye simu kwamba siri ni khanga nne.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu kilikuja Jumamosi moja mchana, na kilikuja na sufuria.

Ghorofa ya nne alikaa Mama Rukia, mtu wa Mombasa, mwenye moyo mzuri na simu isiyopoa. Siku ile alikuwa ndani ya basi, akachungulia dirishani, akamwona Baba Zuhura anakimbia kwenye theluji, kavaa fulana ya mikono mirefu na kijaketi, hana kofia, na mtoto wake anamfuata mbio nyuma. Mama Rukia alikuwa na akili za kwetu. Mwanamume mtu mzima, mpole, hakimbii uchi kwenye theluji bila jambo. Alikata shauri kwamba simu imekuja kutoka Tanga na mtu amekufa, na maskini imemrusha akili. Kabla hajateremka kituoni alikuwa ameshapiga simu nyumba sita.

Sisi huku bondeni hatuna habari. Mama yuko nyumbani anamnyonyesha Hamadi, akasikia mlango. Kufungua, Mama Rukia akamkumbatia huku analia. Mama naye akalia, kwa sababu ukikumbatiwa na mtu anayelia, unalia kwanza, kuuliza baadaye. Alidhani wao wamepata habari mapema, wanaona vigumu kumwambia. Wanawake wakaingia na sufuria za wali na maharage ya nazi, wanaume wakakaa sebuleni wakisoma dua taratibu. Kila mmoja alisubiri mwingine ataje jina la marehemu.

Tukatoka kwenye lifti, baba na fulana yake ya maji ya bomba, tukaona viatu. Viatu vya watu wengi mlangoni petu, na sauti ya mama ndani. Baba alishika ukuta. Akaketi chini pale pale katikati ya viatu, akasema, "Kaka Salimu." Halafu akalia. Salimu alikuwa kaka yake mkubwa kule Tanga, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Nikalia na mimi. Kwa hiyo ndani wanalia, nje tunalia, na hakuna aliyekufa.

Ilichukua muda kufumbuka. Mzee mmoja ndiye aliyeuliza polepole, "Samahanini, marehemu ni nani?" Swali likapita mtu kwa mtu mpaka likamrudia Mama Rukia. Akasema yeye hajui jina, ila kamwona Baba Zuhura anakimbia, kavaa fulana. Watu wote wakageuka kumtazama baba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni amefungwa khanga nne. Mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili. Baba akapiga simu Tanga, Salimu akapokea mwenyewe, mzima, akauliza mbona mnapiga usiku wote huu. Chakula kililiwa chote. Mama alicheka na wageni, lakini macho yake hayakutoka kwa baba.

Wageni walipokwisha kuondoka aliichukua ile fulana, akainusa. "Hili si jasho," akasema. "Jasho lako nalijua." Hakupandisha sauti. Aliuliza kwa nini mumewe anatoka nje kujiua kwa baridi, tena na mtoto, tena kwa kumdanganya yeye. Mimi nikafungua kinywa, baba akaniinulia mkono.

Akasema yeye mwenyewe. Akamwambia alivyosema daktari kuhusu mguu, halafu akamwambia jambo ambalo hata mimi sikulijua. Wakati Salimu alipokatwa mguu, miaka miwili kabla hatujahama, baba ndiye aliyekabidhiwa mguu ule pale hospitali kwenda kuuzika, kwa kuwa kiungo cha mtu hakitupwi. Mama alijua mguu ulikatwa. Hakujua nani aliubeba.

"Niliubeba mikononi, umefungwa kitambaa cheupe," baba akasema. "Makaburini watu hawakujua waseme nini. Mmoja aliniambia pole, mwingine akaniambia hongera, kaka yako kapona. Niliporudi Salimu akaniuliza, umeniweka wapi? Mpaka leo sijamjibu." Akamtazama Hamadi aliyekuwa amelala kwenye mkeka. "Sitaki huyu aje kubeba wangu."

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni, akaosha sufuria za watu, akazifuta, akazipanga. Sikujua amekasirika au analia, mgongo wake haukusema.

Jumapili tulijivika wenyewe, tukasimama mlangoni kusubiri kukaguliwa. Mama akaja. Akambana baba sweta kwa vidole viwili. "Hili toa," akasema. Baba akavua. "Na hili." Akavua. Akazifungua khanga moja moja, ya mwisho akajifunga yeye mwenyewe kifuani, mikono ikawa inamtetemeka kana kwamba yeye ndiye anayetoka. Akasema nendeni, chai mtaikuta. Tulipofika chini nikatazama juu, nikamwona kwenye dirisha la kumi na moja, kamkumbatia Hamadi. Baba akampungia mkono. Mama alisimama pale mpaka tuliporudi.

Tulikimbia miaka mingi, mpaka nikamaliza sekondari, na magoti ya baba yalipochoka tukatembea. Leo watu wanakimbia ndani, juu ya mkanda wa mashine, mbele ya televisheni, hawaendi popote, na saa ya mkononi ndiyo inayowaambia kama wamefurahi. Hakuna wa kumsalimia humo. Theluji yenyewe inakuja inasitasita, kesho imekuwa matope. Bibi wa kofia nyekundu sikumwona tena tangu majira fulani, wala sikuwahi kumuuliza jina, na hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza. Wakati mwingine nadhani nalilia baridi kali, jambo ambalo mtu wa Tanga akilisikia ataniombea dua.

Baba alifariki kwa moyo, mwanzoni mwa Januari, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu ikikaribia mwisho. Hamadi, aliyekuwa kijana wa sekondari, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Huyu Hamadi alikulia hapa hapa. Ukimwambia neno kwa Kiswahili, alikujibu kwa Kiingereza, maisha yake yote. Aliporudi na udongo ulioganda kwenye viatu mama alimuuliza kama wamemlaza vizuri. Akapiga magoti mbele yake akasema, kwa Kiswahili, "Mzima, mama. Na miguu yote miwili."

Sikujua nilie au nishukuru. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha na watu kupungua, nikatafuta viatu vyangu vya mbio. Nilikuwa nimefika mlangoni mama akanijia kutoka chumbani, akanitazama, akanibana sweta kwa vidole viwili. "Hili toa," akasema. Nikalivua, nikashuka, nikateremka bondeni natetemeka, machozi yananigandia mashavuni. Basi lilipita juu barabarani, na mtu yeyote aliyenichungulia dirishani siku ile akadhani nimefiwa, hakukosea.